Koili Aliyoichomoa Mtani

Fundi Anuari wa Gerezani alikuwa na masikio mawili kama binadamu wengine, ila moja alipewa kwa ajili ya adhana na la pili kwa ajili ya injini. Yeye akiwa amelala chali chini ya lori, wewe ukipita na gari lako Mtaa wa Msimbazi, atakwambia linaumwa nini, limeanza lini, na kama jana ulilipitisha kwenye dimbwi. Wapo wanaoapa kuwa aliwahi kusikia plagi mbovu ya gari lililokuwa bado melini, halijashushwa bandarini. Hapo pana chumvi kidogo, wala si nyingi.

Miaka thelathini na miwili alifanya kazi uwanja mmoja na Hamis, Mnyamwezi wa Tabora. Jeki yao moja, kopo la chai moja, mkeka wa kuswalia mmoja. Anuari ni Mzaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zao walipokutana pwani, mmoja kabeba pembe za ndovu, mwenzake kabeba maneno. Basi wale wawili walikuwa wakitukanana kuanzia asubuhi mpaka spana zinaona haya. Mteja mgeni akifika hukimbilia kuamua ugomvi, akakuta hakuna ugomvi.

Sheria ya utani ni moja, na mtoto wa juzi anaijua: mtani hakasirikiwi. Hata msibani. Hasa msibani. Wengine wakilia, yeye anacheza. Atakunyang'anya kofia, atakaa juu ya chakula, atalala mlangoni maiti isipite, na wewe mfiwa kazi yako ni kumfuata alipo na kumpa cha kujikombolea. Ukinuna, mwenye kosa ni wewe. Baba yake Hamis alipofariki, Anuari alisafiri mpaka Tabora, akalala kizingitini kama gogo, maiti haitoki, mpaka akavishwa koti la marehemu. Lilimfika magotini. Hamis akacheka huku machozi yanamtiririka, na baadaye akasema kile kicheko ndicho kilichomvusha siku ile. Ndiyo maana watu wa kale waliuweka utani pale pale penye jeneza.

Sasa, alfajiri moja ya masika, simu ya Anuari ililia.

Alikuwa Khalfani, mtoto wa mjomba wake, anapiga kutoka kijijini, mbele ya Mkuranga, njia ya Kisiju.

"Kaka Anuari, mama ametutoka. Tunazika baada ya swala ya alasiri."

Anuari alikaa kitandani na simu mkononi mpaka kioo kikazimika. Mama yake, Bi Sabaha, alikuwa mwanamke wa kujisitiri, hata jogoo akipita uani yeye huvuta kanga. Miaka minne nyuma alipougua akadhani ndiyo safari, alimwita mwanawe akamwambia: "Mwanangu, tangu baba yako afe mwili huu haujaguswa na mwanamume wa kando. Siku yangu ikifika, uingie kaburini unipokee wewe. Usiniachie watu." Na Anuari akasema, "Nitakupokea, mama." Neno fupi, ila limebeba mtu mzima. Maana mwanamke hupokewa kaburini na maharimu wake, na Bi Sabaha hakubakiwa na mwingine. Mume kafa, kaka zake wamekufa, wajukuu hana ila binti mmoja wa Anuari, yuko Muskati kwa kazi za ndani. Khalfani ni mtoto wa kaka yake tu, na mtoto wa kaka... naam, huyo angefaa kisheria, masheikh wangekubali. Lakini Bi Sabaha hakusema Khalfani. Alisema wewe.

Kulipopambazuka, nyumba aliyopanga Anuari, nyuma ya soko la Mchikichini, ilikuwa imejaa. Wapangaji wenzake walitandika mikeka uani. Dada yake mkubwa, Hajira, aliyekatwa mguu mmoja kwa ugonjwa wa sukari, alikaa kwenye kiti chake cha magurudumu na sanda ya mama, ya kupeleka kijijini, imefungwa vizuri mapajani. Kigari cheupe cha Anuari kilikuwa kimeegeshwa hapo hapo uani, chini ya kamba ya nguo, boneti limejaa matone ya mvua.

Hapo ndipo Hamis alipoingia. Kajifunga kanga mbili, kajipaka unga wa muhogo usoni, ndoo kichwani.

"Wazaramo mmepungua!" akapiga kelele. "Leo nani atanipikia mchuzi wa nazi? Hajira, nikuoe wewe nini? Hutanikimbia."

"Utanibeba, mpagazi wewe?" Hajira akamjibu, machozi hayajakauka. "Babu yako alibeba pembe, wewe ukinibeba mimi utavunjika kiuno."

Uani pakacheka. Hata Anuari, aliyekuwa ameinamisha kichwa, mabega yalimtikisika kidogo. Hamis akamvua kofia, akaivaa juu ya ndoo. Akakusanya viatu vya waombolezaji vyote, akavipanga mstari kuelekea chooni. Akazunguka gari, akaliimbia wimbo wa harusi, akafungua mlango, akafungua boneti, akaingiza kichwa ndani akilia kwa sauti ya mwanamke: "Ooo, na hili nalo limefiwa!" Watu wanashika mbavu. Nani angemwangalia mikono?

Mikono ile ilikuwa ya fundi. Spana namba kumi mfukoni, boliti moja, soketi moja. Akachomoa koili ya tatu, kile kifaa kinachoipa plagi moto, nzima, mpya. Mahali pake akachomeka nyingine iliyokufa zamani, aliyoiokota kwenye kopo la maziwa pale dirishani, ambamo Anuari mwenyewe hutupia koili mbovu za wateja. Akafunga. Akatoka uani na koili nzima ndani ya pindo la kanga, akaenda kukaa kijiwe cha kahawa pembeni mwa soko, kusubiri. Kwa hesabu yake ni dakika tano. Anuari atawasha, atasikia, atacheka, atamfuata. Fundi wa masikio yale! Ungefanya utani gani mtamu kuliko huo?

Saa mbili Anuari alimweka Hajira kiti cha mbele, akawasha gari. Likakohoa. Likatetemeka kama mgonjwa wa malaria.

"Injini inamisi," Anuari akasema. "Silinda moja haichomi."

"Basi tukodi teksi," Hajira akasema.

"Subiri."

Akaliacha likinguruma, akafungua boneti, akaanza kuchomoa soketi za koili moja baada ya nyingine. Ndivyo wafanyavyo mafundi: ukichomoa soketi na injini ikazidi kutetemeka, koili hiyo ni nzima, irudishe. Ukichomoa na injini ikabaki vile vile kama haijaguswa, hiyo ndiyo maiti. Ya kwanza, gari likayumba. Ya pili, likayumba. Ya tatu, kimya. Ili awe na hakika akaihamishia ile ya tatu kwenye nafasi ya kwanza, na ugonjwa ukahama nayo. Kazi safi. Macho ya fundi yaliona kila kitu, isipokuwa kwamba koili ile ilikuwa imechakaa na kupauka, na wenzake watatu wanang'aa. Siku nyingine angeliona hilo akiwa kafumba macho. Siku ile alikuwa akimwona mama yake juu ya ubao wa kuoshea maiti, na maji yanamwagwa.

"Chandu kaniuzia feki," akasema. "Wiki mbili tu nimezifunga."

"Anuari, tukodi teksi."

"Dada, njia ya Kisiju na mvua hii, nani atakubali kutia gari lake kwenye tope lile? Na mimi, fundi, niende kumzika mama yangu kwa gari la kukodi? Watasema nini?"

Hajira alimtazama jinsi dada mkubwa anavyomtazama mdogo wake aliyejibu swali lingine.

Duka la Chandu la spea lilifunguliwa saa tatu. Chandu alikuwa ndiyo kwanza amewasha udi mbele ya miungu yake, juu ya rafu ya mikanda ya feni. Aliposikia msiba alishika mikono ya Anuari yote miwili.

"Pole sana, fundi. Mama ni mama. Pole sana."

"Ahsante. Nitazame hii." Akaweka koili juu ya kaunta.

Chandu aliigeuza, akaigeuza tena. "Hii si yangu."

"Nimeitoa kwenye gari sasa hivi."

"Fundi, kila koili inayotoka hapa, Sudha mke wangu anaitia nukta ya rangi ya kucha, nyekundu, ubavuni. Ili watu wasinirudishie mitumba yao. Hii nukta iko wapi?"

"Imefutika kwa joto."

"Rangi ya kucha?" Chandu akasema taratibu. "Muulize mwanamke yeyote."

Hapo jibu lilikuwa limewekwa mezani, limemenywa, limekatwa, limebaki kutiwa mdomoni. Anuari hakulila. Damu ilimpanda.

"Chandu, miaka ishirini nakuletea wateja. Leo nimefiwa, na wewe unaniona mwizi?"

Waliokuwa dukani wakageuka. Chandu akawa mwekundu masikio. Hakubishana tena. Alitoka nyuma ya kaunta bila viatu, akaingia kwenye tope la Gerezani, duka hata duka, akiulizia koili ya aina ile. Duka la kwanza hakuna. La nne ipo, lakini ya injini kubwa. Walizunguka wote wawili, mmoja kimya, mwenzake pekupeku, mikokoteni inawapiga kumbo, jua limetoka baada ya mvua na linakaanga. Siku ile, wauza mayai wa Kariakoo wasema, yai lilidondoka juu ya boneti la lori na kabla halijaokotwa likawa tayari, limebaki kutiwa chumvi. Hatimaye, karibu saa sita, wakaipata moja ya mtumba kwa mtu anayeuza injini zilizokatwakatwa.

"Sina uhakika nayo," Chandu akasema.

"Itanifikisha."

Simu ikaita njiani. Khalfani. "Kaka, mmefika wapi?"

"Tunatoka."

Aliifunga ile koili huku jasho linamdondokea kwenye injini. Akawasha. Gari likatulia, laini kama hariri. Hajira akafumba macho, akasema alhamdulillahi. Wakatoka getini, wakapita wauza viatu, wakafika barabarani, injini ikapata moto, na koili ya mtumba ikafa hapo hapo. Likatetemeka, likazima mbele ya mkokoteni wa machungwa. Wabeba mizigo wa Mchikichini walilisukuma kurudi uani, na Hajira ndani yake, ameikumbatia sanda.

Anuari alipanda juu ya bampa, akaanza kufungua tena. Vidole vilikuwa vinateleza. Boliti ikaanguka ndani ya injini, akaitafuta kwa sumaku, akaipata, ikaanguka tena. Masikio yote mawili yalikuwa yanalia: moja likasikia adhana ya adhuhuri.

Na Hamis akaingia.

Unga ulikuwa umemkauka usoni, umepasuka kama udongo wa kiangazi. Ndoo kaishika mkononi sasa.

"Mtani," akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kuchekesha, "mbona hunifuati? Nimekunywa vikombe tisa vya kahawa. Moyo unanienda mbio kama wa kuku."

Anuari aliinua kichwa. Hamis akafungua pindo la kanga. Koili ilikuwa humo, inang'aa, na ubavuni nukta nyekundu, ndogo, kama tone la damu ya sindano.

Hata wale wapangaji wasiojua koili na kitasa walielewa.

"Nikasema atakuja sasa hivi," Hamis akaendelea, na kila neno likawa dogo kuliko lililotangulia. "Nikaagiza kikombe. Nikasema yule fundi, lazima ameshajua, ananifanyia makusudi na yeye. Nikaagiza kingine."

"Saa ngapi, Hamis?" Hajira akauliza kutoka ndani ya gari.

Hamis alitazama simu yake.

Anuari alikuwa ameshika spana. Aliitazama spana, akamtazama mtani wake. Kisha akafanya alichofundishwa tangu utotoni. Akacheka. Ha. Kicheko kimoja, kikavu, kama mtu anayetema ganda.

"Umeniweza, mtani."

"Mtani, mimi..."

"Lete."

Dakika tatu. Kuichomeka, kukaza boliti, kubana soketi mpaka ilie kwa! Gari likawaka kama halijawahi kuugua. "Panda," Anuari akasema bila kumtazama, na Hamis akapanda kiti cha nyuma na ndoo yake, kwa sababu mtani haachwi msibani.

Walipita Mtongani, wakaingia Mbagala. Foleni ya Mbagala siku ile ilikuwa ya kusimuliwa: mama mmoja alipanda gari mjamzito, akashuka mtoto anaota meno. Hakuna aliyecheka ndani ya kile kigari. Kila basi lililowazuia, Anuari alilipigia honi moja ndefu. Kongowe, mvua ikarudi. Vikindu, Khalfani akapiga.

"Kaka, wameshamkafini kwa sanda ya hapa. Sheikh anauliza."

"Mwambie saa moja tu."

"Nitamwambia. Tope limejaa huku. Na kaburi linaingia maji, kaka."

Mkuranga wakaiacha lami. Tope likawashika mara mbili. Mara ya kwanza Hamis alishuka akasukuma mpaka kanga zikawa udongo mtupu. Mara ya pili vilevile. Aliporudi ndani akajaribu mzaha: "Wazaramo, hata barabara yenu ni ya utani." Hajira peke yake ndiye aliyeguna, kwa huruma. Saa tisa na dakika hamsini wakasikia adhana ya alasiri kutoka msikiti wa kijiji cha njiani, na mbele yao bado mwendo wa saa nzima. Anuari akakanyaga mafuta. Gari likaruka mashimo, Hajira akapiga kichwa juu, hakusema kitu.

Walipofika, watu walikuwa wanarudi. Ndivyo Anuari alivyojua. Wanaume wanatembea polepole, majembe mabegani, miguu imejaa tope jekundu mpaka magotini, na mmoja anasafisha mikono yake kwa majani.

Khalfani alimkumbatia. "Tulikungoja, wallahi. Tuliswali, tukangoja. Kuta za kaburi zikaanza kudondoka. Sheikh akasema maiti haiteswi."

"Nani alimpokea?"

"Mimi."

"Na nani tena?"

Khalfani akatazama chini. "Wazee hawakuweza, kaburi lilikuwa linateleza. Aliingia mwalimu wa madrasa. Na kijana mmoja wa bodaboda, alikuwa anapita. Ana nguvu. Hata jina hatukumuuliza."

Anuari alikwenda kaburini peke yake. Udongo ulikuwa mbichi, umepigwapigwa kwa migongo ya majembe. Alichuchumaa, akaweka kiganja juu yake. Alimwahidi mama yake kwa maneno mawili, na sasa hayana kazi tena.

Alipogeuka akamkuta Hamis nyuma yake, hatua kumi hivi. Analia. Si kilio cha kuigiza. Kilikuwa kilio cha mdomo wazi, mabega yanapanda na kushuka, unga na machozi vimekuwa uji. Na wazee wa kijiji waliokuwa wamewafuata wakamwona, na hapo wakachangamka, maana mtani akilia kwenye msiba wa mtani wake ni ajabu ya mwaka.

"Mnyamwezi analia!" mzee mmoja akapiga kofi. "Tangu lini? Mpeni haki yake anyamaze, ametoka mbali!"

Wanawake wakaleta kuku, tetea mweusi wa Bi Sabaha mwenyewe, amefungwa miguu. Ndiyo desturi: mtani aliyekuja hapewi asante, anapewa kitu cha marehemu, na anayetoa ni mfiwa. Wakamtia Anuari yule kuku mkononi. Wote wanatabasamu, wanangoja kichekesho. Wao hawakujua habari ya koili. Anuari akanyoosha mkono.

"Chukua, mtani."

Hamis alitikisa kichwa.

"Chukua. Watu wanatazama."

"Siwezi."

"Hamis. Ukimkataa unajua maana yake."

"Najua." Akapangusa pua kwa kanga. "Ndiyo namkataa. Sikai nikiitwa mtani wako baada ya niliyofanya leo. Nitukane, Anuari. Nitukane kweli."

Tabasamu zikaanguka moja moja. Mzee aliyepiga kofi akashusha mikono. Mtani akikataa haki yake mbele ya kaburi, utani umekatika, na ukishakatika, anayebaki mbele yako ni mtu tu, na mtu anaweza kukasirikiwa. Hicho ndicho Hamis alichokuwa nacho cha kumpa, akampa chote.

Anuari alisimama na kuku. Aliitafuta hasira aliyoinyima njia tangu adhuhuri. Ilikuwepo, kubwa, lakini alipoivuta ilikuja na mambo mengine: sauti ya Hajira ikisema tukodi teksi, mara ya kwanza na mara ya pili. Miguu ya Chandu kwenye tope. Yeye mwenyewe akisema, watasema nini. Hakuweza kuitenganisha, hii ya Hamis, hii yangu.

"Nenda," akasema. "Nenda tu."

Hamis aliinama, akaokota ndoo yake, akaondoka kwa miguu kuelekea Mkuranga. Hakuna aliyemsindikiza. Walimwona mpaka kwenye minazi ya mwisho, kanga zimegandamana na miguu.

"Umemwacha?" Hajira akauliza kutoka kwenye gari, Anuari aliporudi.

"Kaenda."

"Na wewe unabaki na nani?"

Pale Gerezani sasa Anuari anafanya kazi upande wa ukuta, Hamis alihamia uwanja wa ng'ambo ya barabara, na jeki waliyokuwa nayo pamoja ilibaki katikati mpaka ikapata kutu, kila mmoja kamwachia mwenzake. Chandu huinamisha kichwa kumsalimu, lakini udi akiwasha huwasha akiwa amempa mgongo.

Yule tetea mweusi hakuchinjwa. Ni wa mtani, na mtani hayupo: nani amle? Walimfungua miguu, akazurura uani kwa Bi Sabaha. Hadi arobaini alikuwa anataga kila siku chini ya kitanda cha marehemu, mayai yanalundikana, na hapakuwa na mkono uliothubutu kuyaokota.